Mama yuko eda, na mafuta yangu yananukia

Assalaam alaykum Bi Mshauri, na shikamoo.

Mimi ni binti wa Ujiji, ila kwa miaka kadhaa naishi Dar es Salaam, nafanya kazi ya masaji katika saluni ya wanawake. Nimerudi nyumbani kwa msiba wa baba. Baba aliugua muda mrefu na mama ndiye aliyemuuguza: kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Alipofariki watu walijaa, hitma ikasomwa, arobaini ikapita, wageni wa Kasulu na wa ng'ambo ya ziwa wakarudi kwao. Tukabaki wenyewe.

Mama yuko eda na bado haijafika nusu. Anashinda chumbani, amekaa mkekani, mgongo ukutani. Usiku analala kidogo tu, kisha anashtuka akidhani baba amemwita amgeuze. Chakula anakigusagusa. Dawa ya presha mpaka akumbushwe. Siku moja alisema, "Mngeniacha tu nimfuate mwenzangu." Shangazi akatuambia hayo ni maneno ya msiba, kila mjane huyasema.

Usiku mmoja nikamwomba nimkande miguu. Nilitumia mafuta ya nazi peke yake. Hakukataa. Nilimkanda taratibu mpaka akasinzia, na siku hiyo alilala mpaka adhana ya alfajiri. Nilifurahi sana Bi Mshauri, nikaona basi nimfanyie vizuri zaidi. Kwenye mkoba wangu nina vichupa vya kazini: lavenda, mchaichai, mkaratusi, karafuu. Usiku uliofuata nikatia lavenda kidogo na tone moja la karafuu. Sikuwa nimefika mguu wa pili, mama akanishika mkono akasema, "Baba yako alikuwa akinukia hivi siku za Ijumaa." Akalia. Kilio kile hakukilia hata siku ya maziko. Kisha akaanza kuzungumza, akanihadithia walivyooana, na mengine ya usiku wa mwisho wa baba ambayo hajamwambia mtu. Tulilala karibu na alfajiri.

Asubuhi shangazi, dada yake baba, akaingia na uji. Alisimama mlangoni muda mrefu kimya. Halafu akatoka, na huko uani akaanza kusema kwa sauti kwamba nimemvunjia mama eda, mjane hapaki manukato, nimeleta mambo ya saluni kwenye nyumba ya msiba. Kaka yangu mkubwa amesema vichupa vitoke ndani ya nyumba, mama asomewe Qur'ani, inatosha. Mdogo wangu, ambaye analala chumba kimoja na mama pamoja na kichanga chake, ananiambia tuendelee kwa siri, milango ikifungwa nani atajua.

Mama mwenyewe mchana ananiambia, "Mwanangu acha, watu watasemaje." Usiku ananinyooshea miguu bila kusema neno. Wa kushoto umeanza kuvimba, nadhani ni kwa ajili ya kukaa sana, ndiyo maana nataka niukande zaidi.

Tajiri wangu Dar anapiga simu, anataka nirudi kazini. Wateja wangu huingia wamejaa mawazo na kutoka wepesi, nimeona kwa macho yangu. Inakuwaje niwasaidie wageni, nimshindwe mama yangu? Niendelee, niache, au nifanye kwa siri?

Binti wa Ujiji

*

Waalaykum salaam mwanangu, na marahaba. Poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wenu.

Kabla ya mafuta, naomba tuzungumze juu ya huo mguu wa kushoto, kwa sababu hapo sitaki usubiri. Mtu akikaa wiki nyingi bila kutembea, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa wa mguu. Dalili yake mara nyingi ni mguu mmoja kuvimba peke yake, kuuma au kuwa na joto kwenye shavu la mguu. Mguu wa namna hiyo haukandwi, wala kwa nazi wala kwa lavenda, maana donge linaweza kung'oka likapanda kwenye mapafu, na hilo linaua. Inawezekana si hivyo. Zipo dawa za presha, amlodipine kwa mfano, zinazovimbisha miguu, ingawa hizo kwa kawaida huvimbisha yote miwili. Wewe na mimi hatuwezi kujua kwa macho. Mpelekeni leo Maweni, au hospitali yoyote iliyo karibu, auangalie daktari. Akianza kubanwa kifua au kuhema kwa shida, hata ikiwa usiku wa manane, tafuteni gari. Mjane kutoka kwenda kutibiwa hakumvunjii eda, na nina hakika hata shangazi hatapinga.

Mkiwa mbele ya daktari, mwambieni na lile neno la kumfuata mwenzake. Ni kweli wajane wengi huyasema maneno hayo, na wengi wao wanachotaka kusema ni kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Lakini mama halali, hali, na dawa yake anaisahau. Haya yakikutana na neno lile, mimi silipitishi tu kama desturi ya msiba. Muulize mwenyewe mkiwa wawili: "Mama, uliposema umfuate baba, una maana unafikiria kujidhuru?" Watu huogopa kuuliza wakidhani watamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Haiwi hivyo. Anayeulizwa kwa upole mara nyingi hupumua, kwa kuwa amepata wa kumwambia. Akikujibu ndiyo, au akikujibu kwa namna inayokutia shaka, asilale peke yake, dawa zote akae nazo mwingine, na hospitali iwe siku hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye vichupa vyako.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na ninavyokuelewa ni hivi. Una ujuzi mikononi, uliutumia kwa mama na ukaona matunda. Ukaongeza harufu, likatokea jambo kubwa ambalo wewe unaliona ni faraja na shangazi analiona ni kuvunja heshima. Mama yuko katikati, mchana anasema hivi na usiku anafanya vile. Unaniuliza uendelee, uache au ujifiche. Lakini naona umefunga mambo mawili katika furushi moja: kukanda, na kunukia. Tuyafungue.

Usiku wa kwanza mama alilala mpaka alfajiri kwa mafuta ya nazi matupu. Lavenda haikuwapo. Kilichokuwapo ni mikono ya mwanawe, polepole, baada ya miezi ambayo mikono yake yeye ndiyo ilikuwa ikimgeuza na kumwogesha mtu mwingine. Katika ngozi yetu mna mishipa ya fahamu inayoitikia zaidi mguso wa taratibu, wa sentimita chache kwa sekunde, na mguso huo mwili huupokea kama utulivu. Huko Sweden walifanya utafiti mdogo, ukachapishwa mwaka 2010, kwa watu 18 waliofiwa na jamaa zao kwa saratani. Walikandwa mkono au mguu dakika 25 kila wiki, kwa wiki 8. Walieleza kwamba ulikuwa muda wa kupumzika ndani ya majonzi, na uliwasaidia kuanza kuyapanga maisha upya. Watu 18 ni wachache, siwezi kukujengea nyumba juu yao. Lakini hao walikuwa wafiwa kama mama, na walichopewa ni mikono na miguu kukandwa, basi.

Na harufu? Uingereza kulikuwa na utafiti mkubwa zaidi, wa mwaka 2007, kwa wagonjwa 288 wa saratani waliokuwa na wasiwasi au sonona. Waliokandwa kwa mafuta ya kunukia mara moja kwa wiki kwa wiki 4 walionekana na nafuu zaidi kuliko wenzao kwenye wiki ya 6. Ilipofika wiki ya 10, kwa kipimo kikuu cha utafiti tofauti ya maana haikuonekana tena, ingawa wagonjwa wenyewe bado walieleza kwamba wasiwasi umepungua. Ninachokisikia hapo ni mambo mawili. Nafuu ilikuwepo, wateja wako wanaotoka wepesi hawakudanganyi. Ila kwa kipimo hicho haikudumu, na kwa kuwa wale wengine hawakukandwa kabisa, hakuna awezaye kusema ni mafuta yaliyofanya kazi au ni mikono. Mimi, nikiipima barua yako pamoja na hayo, naegemea mikono.

Hata hivyo sisemi harufu ni bure. Harufu ina njia yake ya karibu kuingia ubongoni, karibu sana na sehemu zinazohifadhi hisia na kumbukumbu. Ndiyo sababu tone moja la karafuu lilimleta baba chumbani. Wewe ulitafuta kitu cha kumtuliza mama, ukagusa pazia ambalo hukujua lipo. Kulia kwake hakukuwa madhara, mwanangu. Huenda ndicho kilio alichokuwa akikiahirisha tangu alipokuwa muuguzi, kwa kuwa muuguzi hana nafasi ya kulia. Ninachokuuliza ni nani aliyechagua usiku ule. Kuna wajane wanaotaka kunusa kanzu ya marehemu kila siku, na kuna wanaoifungia sandukuni mpaka wawe tayari. Mama bado hajakwambia yeye ni yupi. Itakuwa vizuri asikie harufu kwa kuitaka, isimjie kwa ghafla miguuni.

Hapo hapo nataka umtazame shangazi tena. Umeandika kwamba alisimama mlangoni muda mrefu kimya kabla ya kutoka na kupiga kelele. Kwa nini alinyamaza? Aliyeondoka ni kaka yake. Yeye naye aliifahamu harufu ya Ijumaa, labda kabla mama hajaifahamu. Inawezekana asubuhi ile alikutana na kaka yake kwenye chumba ambacho hayumo, akiwa na kikombe cha uji mkononi, na hasira ikawa ndiyo lugha iliyomjia. Sikwambii ndivyo ilivyokuwa. Nakuomba uifikirie kabla ya kumweka katika kundi la wanaokupinga.

Wala hoja yake si ya kupuuzwa. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kujiepusha na manukato na mapambo ni sehemu ya kukaa kwake eda. Hilo limo katika hadithi ya Umm Atiyya, sahaba wa kike wa Mtume, si mila ya Ujiji iliyozuka juzi. Mafuta yako ya vichupani, hata yakiitwa dawa, kazi yake ni kunukia. Mafuta yasiyo na harufu mwilini ni suala jingine, na dawa kwa dharura ni suala la tatu. Hapo mimi si mwanachuoni, siwezi kukuamulia. Najua tu kwamba wapo wanaohesabu hata kupaka mafuta kichwani kuwa ni pambo, kwa hiyo nywele uziache kando. Kuna walimu wa kike wa madrasa mjini Kigoma na hapo Ujiji. Mama akiridhia, mtafuteni mmoja aje nyumbani akae naye, na swali liulizwe na mama mwenyewe kwa kinywa chake. Hatari yake ni kwamba jibu laweza kuwa usilolipenda, na ukishauliza itakubidi ulisikilize. Faida yake ni kwamba mama hatalala akihofia ibada yake.

Hofu hiyo ndiyo inayonifanya niiogope ile shauri ya mdogo wako ya kufunga milango. Shangazi aweza asijue. Mama atajua. Kwake eda ndiyo heshima ya mwisho anayompa mumewe. Ukimpa usingizi kwa njia inayomwachia deni moyoni, atalilipa mchana akiwa peke yake mkekani. Tena kuna kichanga humo chumbani. Wewe ni fundi, najua unajua, lakini wengine watasoma: mkaratusi na mnanaa havitumiwi karibu na uso wa mtoto mchanga, vinaweza kumbana pumzi, na mtoto akimeza hata kiasi kidogo cha mafuta ya mkaratusi anaweza kupata degedege. Chupa ikae juu, imefungwa. Karafuu nayo inaunguza ngozi ikizidi. Haya mafuta hayapakwi matupu hata siku moja. Kwa mtu wa umri wa mama, ikifika siku ya kuyatumia, matone 6 ndani ya mililita 30 za mafuta ya kawaida yanatosha sana, baada ya kuyajaribu kidogo kwenye mkono na kungoja mpaka kesho yake. Na lavenda iliyokaa wazi muda mrefu huwasha ngozi kuliko mpya, basi hivyo vichupa vya mkobani vitazame vizuri.

Ukiniuliza ni mlango gani naona uko wazi hivi sasa, ni ule wa usiku wa kwanza: mikono na mafuta yasiyonukia. Daktari akishasema mguu ni salama, miguu. Kabla ya hapo, viganja na mikono tu mpaka kiwikoni. Nazi nayo wakati mwingine ina harufu yake, ila si manukato. Mise ya nyumbani, yaani mafuta ya kokwa za mchikichi, ina harufu ya moshi, sidhani mama ataipenda kitandani. Alizeti ya kupikia inafaa kabisa. Mlango huu nao una mwiba wake: shangazi anaweza kuona kukanda kwenyewe ni starehe, na kaka akaona umekaidi. Kwa hiyo ningetamani usiufungue bila wao kujua. Mweleze kaka kwamba Qur'ani isomwe na mikono imkande, hakuna kinachomzuia mwenzake. Na shangazi, mwite akae upande wa pili, akipenda ashike kiganja kimoja nawe ushike kingine. Labda atakataa. Lakini hata akikataa, atakuwa amekataa jambo aliloliona kwa macho, si jambo la kufungiwa mlango.

Njia nyingine ni kuacha kabisa mpaka eda iishe. Ina amani ndani ya nyumba, na sioni aibu yoyote ukiichagua. Bei yake ni usingizi wa mama. Kama Maweni watampa msaada wa usingizi na wa moyo, bei hiyo inapungua. Kama hawatampa, utaona mwenyewe baada ya siku chache kama anavumilia. Na baada ya eda, ikiwa mama ataomba ile harufu ya Ijumaa, utakuwa nayo. Hakuna kitakachokuwa kimepotea kwa kusubiri.

Neno la mama la mchana na mguu wake wa usiku vinapingana, na wewe umekuwa ukifuata mguu. Yawezekana mguu ndio unaosema kweli. Lakini yawezekana vyote viwili ni kweli: anakutaka, na anaogopa. Muulize mchana, jua likiwa limetoka, wakati hajachoka: "Mama, nikukande kwa mafuta yasiyonukia, shangazi akijua, utakuwa na amani?" Akisema hapana, basi kaa tu ubavuni pake usiku. Hata hilo si dogo.

Umeuliza inakuwaje uwasaidie wageni ushindwe kwa mama. Mteja wako analipa, anatoka, na aliyemliza humjui. Hapa msiba ni wenu wote. Mama kuendelea kuhuzunika hakumaanishi kwamba masaji yako imeshindwa. Huzuni yake ina haki ya kukaa, nawe hukuitwa kuiondoa. Kazi yako ni ndogo kuliko hiyo, na ndiyo maana inawezekana: alale kidogo, ale kidogo, anywe dawa, na asiwe peke yake.

Kuhusu tajiri wako, usikate tiketi kabla ya daktari kusema neno. Na ukijua siku ya kuondoka, mfundishe mdogo wako namna ya kukanda viganja kwa utaratibu ule ule, ili usingizi wa mama usisafiri na wewe kwenye treni.

Jambo moja zaidi. Barua yako ni ndefu, na nimemwona mama ndani yake, na shangazi, na kaka, hata kichanga. Wewe umeniambia ulichofanya kwa mikono yako. Hujaniambia umemlilia baba lini, wala ni nani aliyekushika bega. Ukiniandikia tena, anza hapo.

Bi Mshauri